Kuku wamechanjwa mareksi na bado wanakufa. Ni kweli chanjo inazalisha virusi vikali?

MamaKuku_Mlandizi

Habari za jioni wafugaji wenzangu, na wakubwa shikamoo.

Nina mitetea wa mayai 500. Niliwachukua wakiwa vifaranga wa siku moja, leo wana wiki 14, na hadi asubuhi hii nimeshazika 61. Ilianza wiki ya 11 kwa mmoja tu. Nilimkuta kalala ubavu, mguu mmoja kaunyoosha mbele na mwingine nyuma. Ukimsogezea chakula anadonoa, macho yako hai, ila kusimama hawezi. Nikadhani kakanyagwa na wenzake. Kesho yake wakawa wawili. Sasa kila siku naokota watatu au wanne. Wengine hata hawapoozi, wanakonda tu mpaka ukiwashika kifuani unashika mfupa, kishungi kinapauka, basi. Jana nilimpasua mmoja: ini limevimba na lina mabaka meupe, bandama kubwa sijawahi kuona.

Kadi ya vifaranga inasema walichanjwa mareksi siku ya kwanza, kwa chanjo iitwayo HVT. Gumboro, kideri, ndui, zote nimefuata ratiba na tarehe nimeziandika ukutani. Pesa hizi ni za kikundi cha akina mama, marejesho ni kila Jumatano, na usingizi umeniisha.

Kwenye grupu letu la WhatsApp mtu ametuma sauti ya dakika tisa. Anasema chanjo ya mareksi ndiyo inayozalisha virusi vikali, wazungu wenyewe wamethibitisha, kwa hiyo tuache kuchanja tufuge kama bibi zetu. Watu wanamshangilia. Jirani yangu ana kienyeji 40 hawajui sindano na wote wazima, naye ananiambia "si unaona?"

Mwenye kujua kwa kusoma au kwa kuona naomba anijibu. Ni kweli au si kweli?

Kibada_Layers

Pole sana dada. Mimi nilipata wa kupooza miguu, nikaambiwa ni upungufu wa vitamini B2, nikawapa ya kwenye maji wakapona. Jaribu kwanza hiyo kabla hujasema mareksi.

Mstaafu_Mifugo

Marahaba binti yangu, na pole. Kijana wa Kibada anasema kweli kwa vifaranga wake, lakini upungufu wa B2 unawakunja vidole vifaranga wa wiki mbili tatu na haujazi mabaka kwenye ini. Wako wana wiki 14, wamepooza mguu mbele mguu nyuma, na ndani kuna uvimbe. Hiyo ni picha ya mareksi, wengine tunaita mahepe. Hata hivyo picha haitoshi. Chukua wawili walio hai wanaoumwa na mmoja aliyekufa leo, uwapeleke maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, pale Temeke wakatazamwe kwa hadubini.

Kabla sijakujibu hilo la chanjo, niambie mambo mawili. Siku ya kwanza uliwaweka wapi? Na una kuku wengine wakubwa hapo nyumbani?

MamaKuku_Mlandizi

Asante mzee wangu. Niliwalea kwenye chumba cha mwisho cha banda kubwa. Ndiyo, nina wazee wa mayai 200, sasa wana wiki 80. Wako banda hilo hilo, tumetenganisha kwa wavu na turubai. Anayewahudumia ni kijana mmoja, anaanza kwa wakubwa kuokota mayai halafu anakuja kwa wadogo.

Mstaafu_Mifugo

Nimekuelewa. Naandika kwa urefu kwa sababu sauti ile ya dakika tisa nami nimetumiwa, na inaniuma. Aliyeituma hakutunga kila kitu. Kuna jambo la kweli ndani yake, ila kalisimulia nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayookoa kuku.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1907 na daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliyeona majogoo wanne wamepooza. Wakati ule haukuwa balaa. Kuku wachache, tena wakubwa, walipooza, na maisha ya shamba yakaendelea. Miaka ya 1950 na 1960, kuku walipoanza kufugwa kwa maelfu chini ya paa moja Marekani na Ulaya, ugonjwa ukabadilika sura: uvimbe wa saratani ndani ya viungo, na wanaokufa ni wadogo. Mwaka 1967 ikajulikana kwamba ni kirusi, cha jamii moja na kile cha tetekuwanga kwa binadamu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 chanjo zikawa zinatumika, na iliyoenea zaidi ni hiyo HVT ya kwenye kadi yako. Imetokana na kirusi cha bata mzinga ambacho hakimdhuru kuku. Ilikuwa chanjo ya kwanza duniani kutumika kwa wingi kuzuia saratani, na vifo vilishuka sana.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuku waliochanjwa HVT wakaanza kufa. Wakaongeza chanjo ya pili, wakazichanganya, mambo yakatulia. Miaka ya 1990 vikatokea virusi vikali zaidi, Wamarekani nao wakageukia chanjo ya Rispens iliyokuwa imetengenezwa Uholanzi tangu mwaka 1972. Mtafiti Richard Witter alivipanga virusi hivi kwa madaraja ya ukali, na daraja likapanda kila baada ya miaka kumi, kumi na tano. Kwa hiyo binti yangu, kwamba kirusi cha mareksi kimezidi ukali katika miaka hii hii ya chanjo, hilo ni kweli na limeandikwa.

Sababu yake ni hii. Chanjo ya mareksi haimzuii kuku kuambukizwa. Inamzuia kuugua. Kirusi kinaingia kwa pumzi, kinakaa mwilini maisha yake yote, na kinatoka kwenye vinyweleo vya manyoya pamoja na magamba ya ngozi. Lile vumbi jeupe unalolifuta kwenye taa za banda ndilo gari lake, na ndani ya vumbi kinaishi miezi.

Mwaka 2015 Andrew Read wa Chuo Kikuu cha Penn State na wenzake wa taasisi ya Pirbright ya Uingereza walitoa majaribio yao. Waliwaambukiza kuku wasiochanjwa kirusi cha daraja kali kabisa. Wote wakafa ndani ya siku kumi, kabla hawajaanza kumwaga virusi vya maana, maana kirusi hiki kinachukua kama wiki mbili hadi kianze kutoka kwenye manyoya. Yaani kirusi kilimuua mwenyeji wake kikafia humo. Waliochanjwa HVT wakaambukizwa kirusi kile kile, wakaishi, na wakamwaga virusi kwa wiki nyingi. Kuku wageni wasiochanjwa waliowekwa banda moja nao wakaambukizwa wakafa. Kwa hiyo kirusi ambacho zamani kingejimaliza chenyewe kwa ukali wake, sasa kimepata nyumba ya kukaa na njia ya kutokea. Wapo watafiti wanaosema ufugaji wenyewe wa viwandani, kuku wengi wanaoishi wiki sita tu banda moja, umechangia pia. Mimi naona vyote viwili vimechangia.

Sasa nusu aliyoiacha. Virusi hivyo vikali vipo tayari. Ukiacha kuchanja leo havirudi kuwa vya 1907. Vinakutana na kuku wako wakiwa hawana kinga, na vinawamaliza. Katika jaribio lile wasiochanjwa walikufa wote, na waliochanjwa wengi wao waliishi. Jambo hilo unaweza kulisoma kama sababu ya kuacha chanjo pale tu unapofunga jicho moja.

Na kwako wewe, sidhani kama tunahitaji kirusi kipya kueleza vifo vyako. Chanjo hii inataka wiki moja au zaidi ndipo ishike. Vifaranga wako walitoka kwenye boksi wakawekwa paa moja na kuku wa zaidi ya mwaka, ambao wenyewe walichanjwa, wazima, wanataga, na wanamwaga virusi kila siku. Turubai halizuii vumbi. Kijana anatoka kwa wakubwa na viatu vile vile. Siku ya pili ya maisha yao walikuwa wanavuta kirusi, na chanjo haijaamka.

Nitakwambia kilichonipata. Nikiwa kijana kazini, shamba moja lilipoteza kuku wengi wa wiki 12, wamechanjwa. Nilikuwa nimesoma habari za virusi vikali vya Marekani, nikaandika kwenye ripoti: aina mpya ya kirusi imeingia nchini. Mkubwa wangu aliisoma, akaniuliza swali moja: chanjo iliyeyushwa saa ngapi na ilimalizika saa ngapi? Sikuwa nimeuliza. Nikarudi. Chanjo ile ilikuwa ya kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikishayeyushwa na kuchanganywa inatakiwa iishe ndani ya saa moja hivi, kwa sababu iko ndani ya seli hai na seli zinakufa. Mchanjaji alikuwa mmoja kwa vifaranga elfu sita. Aliyeyusha asubuhi, akachanja mpaka adhuhuri. Wa kwanza walipata chanjo, wa mwisho walidungwa maji. Niliifuta ripoti yangu. Tangu siku hiyo, kabla ya kumlaumu kirusi, nauliza kwanza habari za friji, saa na viatu.

Kuhusu jirani: kuku wake 40 wanashinda nje, upepo unachukua vumbi, na kienyeji wengine wana urithi wa damu unaostahimili mareksi. Muulize pia kwa upole, katika vifaranga wote waliototolewa mwaka huu wangapi wamefika ukubwa.

La kufanya sasa: dawa hakuna, usinunue antibiotiki. Kuchanja tena wiki ya 14 hakusaidii. Waliopooza watoe, wasiteseke. Kundi lijalo lisiingie hapo mpaka wazee wameondoka, maranda yametolewa yote, vumbi limefutwa hadi kwenye kenchi, umeosha, umepulizia dawa, na banda limepumzika wiki kadhaa. Vifaranga walelewe mbali, na mhudumu aanze kwao ndipo aende kwa wakubwa. Na unapoagiza, omba HVT pamoja na Rispens, uulize inatunzwaje.

Juma_Chotara

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. Lakini si ndiyo yale yale waliyosema watu kuhusu korona? Kwamba waliochanjwa ndio waliozalisha Delta na Omicron? Kama kwa kuku imetokea, kwa watu itashindikana vipi?

Mstaafu_Mifugo

Marahaba Juma. Swali zuri, na usione aibu kuliuliza.

Anza na tarehe. Aina ya korona iitwayo Alfa ilionekana kwenye sampuli za Kent, Uingereza, mwezi wa tisa 2020. Uingereza ilichanja mtu wake wa kwanza tarehe 8 Desemba 2020. Delta ilionekana India mwezi wa kumi 2020, India ikaanza kuchanja tarehe 16 Januari 2021. Beta ya Afrika Kusini na Gamma ya Manaus, Brazili, nazo zilitangulia chanjo katika nchi hizo. Hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyozaliwa kwa watu waliochanjwa, kwa sababu chanjo zilikuwa hazijaanza kutolewa kwa umma. Mabadiliko yanazaliwa popote kirusi kinapozaliana. Kile cha korona kina herufi kama 30,000, na kila kinapojinakili mwilini kinaweza kukosea moja. Watu wengi wakiugua, makosa yanakuwa mengi, na moja litafaa.

Pili, ukali wenyewe. Mareksi inapomuua kuku ndani ya siku kumi inajikatia njia. Korona haiko hivyo. Mtu anaambukiza wenzake tangu kabla ya dalili na katika siku za kwanza za kuugua, na kama ni kufa anakufa wiki mbili tatu baadaye, kirusi kimeshahama zamani. Kifo cha mgonjwa hakikipi kirusi hasara, kwa hiyo kumwokoa mgonjwa kwa chanjo hakukifungulii mlango ule wa kwenye jaribio la kuku.

Ila sitaki nikufiche upande wa pili. Watu wengi wakiwa na kinga, iwe ya kuugua au ya sindano, kirusi kinachofanikiwa ni kile ambacho kingamwili hazikitambui vizuri. Omicron, iliyotangazwa Afrika Kusini na Botswana mwezi wa kumi na moja 2021, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye ule mwiba wa kushikia seli, ikawapata waliochanjwa na waliowahi kuugua pia. Chanzo chake hakijathibitishwa. Dhana inayotajwa sana ni mtu mmoja mwenye kinga dhaifu aliyekaa na kirusi miezi, mwili ukipigana nacho nusunusu na kirusi kikijifunza. Ndiyo maana mtu kama huyo anastahili matibabu na uangalizi mapema.

Na si kila kirusi kinaweza kukimbia. Chanjo ya surua ilianza mwaka 1963 na bado inakinga, kwa sababu inazuia hata maambukizi yenyewe, na sehemu ya kirusi inayoshambuliwa na kingamwili ni ile ile kinayoihitaji kuingia kwenye seli. Kikiibadilisha, kinajifungia nje. Mafua yako upande mwingine kabisa, chanjo yake inapitiwa upya mara mbili kila mwaka. Kwa hiyo ukisikia neno "chanjo" uliza ya nini, na inazuia kuugua au inazuia na kuambukiza.

Salim_Mahe

Niongeze kidogo, mimi si mfugaji ila mama yangu ni mmoja wa wanakikundi. Mwaka 2021 nilikuwa Shelisheli, kazi ya hoteli, Mahé. Walianza kuchanja mwezi wa kwanza, na kufika mwanzo wa mwezi wa tano zaidi ya asilimia 60 ya watu wote walishapata dozi mbili, nchi ya kwanza duniani kwa kiwango hicho wakati ule. Na wiki hiyo hiyo maambukizi yakapanda, shule zikafungwa, tukarudishwa bwenini. Ikatangazwa kwamba zaidi ya theluthi ya waliokuwa na virusi walishachanjwa kikamilifu. Bwenini watu walisema tumedanganywa. Mimi nilipata, nimechanjwa, nikaumwa kichwa siku tatu. Nilishindwa kuelewa kama ile chanjo ilinisaidia au la.

Mstaafu_Mifugo

Salim, chukua kalamu. Huu ni mfano wangu wa kuhesabia tu, si takwimu za Shelisheli. Mtaa una watu 1,000. 900 wamechanjwa, 100 hawajachanjwa. Katika wale 100 wanalazwa 20. Katika 900 wanalazwa 36. Ukiingia wodini unakuta wagonjwa 56, na 36 kati yao wamechanjwa. Utatoka unasema chanjo haifanyi kazi. Lakini asiyechanjwa amelazwa kwa nafasi ya 20 kwa mia, aliyechanjwa 4 kwa mia. Kadiri wanaochanjwa wanavyoongezeka, ndivyo wodini unavyokutana nao zaidi, hata kama kila mmoja wao yuko salama kuliko zamani. Mtaa wote ukichanjwa, kila mgonjwa atakayebaki atakuwa amechanjwa.

Huko kwenu wengi waliohitaji hospitali walikuwa wale ambao hawajachanjwa. Umeumwa kichwa siku tatu ukarudi kazini. Mimi nashukuru kwa hilo.

Juma_Chotara

Nimeelewa mzee. Nimeirudisha hii kwenye grupu, nimeweka na tarehe zote.

MamaKuku_Mlandizi

Mzee wangu, nimerudi. Nilikwenda Temeke Jumanne. Wamethibitisha ni mareksi. Nilishika ule mshipa wa fahamu wa paja walionionyesha, wa upande uliopooza umevimba kama kamba ya kiatu, wa upande mzima ni mwembamba kama uzi. Hadi leo nimepoteza 88, wamebaki 412. Wiki hii wamekufa wanne tu kwa siku saba.

Wazee nimewauza wote Jumamosi kwa ajili ya nyama. Vifaranga wapya sitaingiza mpaka hawa wamemaliza kutaga, nimeshawaeleza akina mama, wakakubali kuniongezea miezi miwili ya marejesho. Nina maswali mawili ya mwisho. Mayai ya hawa waliobaki yanaliwa? Na jirani anataka maranda yote niliyotoa aweke kwenye mchicha wake, nimpe?

Mstaafu_Mifugo

Mungu akulinde binti yangu, umefanya vizuri.

Mayai yanaliwa bila shaka yoyote. Kirusi hiki hakimwambukizi binadamu, na hakipiti kwenye yai kwenda kwa kifaranga.

Maranda usimpe hivi hivi. Jirani ni yule mwenye kienyeji 40, sivyo? Vumbi litakwenda moja kwa moja kwa vifaranga wake. Maranda yarundike nyuma ya nyumba upande ambao upepo hauelekei kwake, yamwagie maji, yafunike kwa turubai yaive, uyapindue mara kwa mara mpaka yawe udongo mweusi. Msimu ujao wa mchicha mpe, na umwambie kwa nini ulichelewesha.